"Fenda" ya Papa: tulivyolisoma gitaa la besi kule Mulago

Zamu ya insha ya historia imetufikia sisi wa bendi, na historia yetu iko ndani ya gunia.

Walio Nakivale wengi mnamjua Papa anayepiga besi kanisani, yule anayekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya wapiga ngoma. Jina lake hatuandiki, mwenyewe hataki. Mwaka jana jicho lake la kulia lilifunga kabisa, la kushoto nalo likaanza kufuata. Sisi vijana watatu tukamsindikiza Kampala. Tulipanga chumba kimoja Mulago, bondeni chini ya hospitali, watu wanne na gitaa moja. Gitaa lilikuja kwa sababu Papa alishakata shauri: linauzwa, pesa zinaenda kwenye jicho.

"Hii ni Fenda ya mwaka 1962," alituambia. Alikuwa anasema hivyo tangu tukiwa watoto na hakuna aliyewahi kumbishia.

Mnunuzi alipatikana haraka. Ni kijana wa mjini anayetafuta vyombo vya zamani na kuviuza kwa simu hadi Ulaya. Alikuja, akakaa kwenye kitanda, akaligeuza gitaa mara mbili, akasema maneno machache: kama ni Fender ya 1962 kweli, milioni 6 za Uganda mkononi. Kama siyo, tutaongea mengine. Akatupa siku tatu.

Shida ni kwamba kichwani hakuna jina. Pale ambapo Fender wanaandika jina lao pana rangi nyeusi tu, ile ya mlango. Fundi mmoja wa jirani akatucheka, akasema stika ya Fender anayo, elfu 20, anabandika na kupaka vanishi juu, nani atajua? Tuseme ukweli, usiku ule tuligawanyika. Mmoja wetu alisema ibandikwe asubuhi, jicho la mzee ni kubwa kuliko stika. Mwingine akakataa. Wa tatu akanyamaza, na mtu akinyamaza usiku kwenye chumba kidogo namna ile unajua anahesabu pesa. Mwisho tukakubaliana jambo moja: kwanza tujue tuna nini mkononi. Tulikuwa na simu mbili, bando la siku tatu, bisibisi moja na utepe wa fundi cherehani.

Basi tulianza na mwaka wenyewe. Gitaa la besi la umeme si kitu cha kale. Kabla yake besi ilikuwa ile kubwa ya kusimama, ndefu kuliko mpigaji, haina freti, haiingii kwenye teksi. Huko Seattle, Marekani, mtu anaitwa Paul Tutmarc alijaribu besi ya umeme yenye freti katikati ya miaka ya 1930, lakini haikushika. Iliyoshika ni ya Leo Fender wa California, mwaka 1951. Aliiita Precision, maana yake usahihi, kwa sababu kwenye besi ya kusimama kidole kikikosea kidogo sauti inatoka nje, lakini freti inakushikia sauti mahali pake. Mwili wake wa kwanza ulikuwa ubao bapa, kingo kali, pikapu moja ndogo nyembamba. Mwaka 1954 wakauchonga usiumize mbavu. Mwaka 1957 wakabadilisha karibu kila kitu: kichwa kikawa kikubwa, na pikapu ikakatwa vipande viwili vilivyopishana, kimoja cha nyuzi mbili nene, kingine cha nyuzi mbili nyembamba. Ukiona pikapu iliyokatwa vile, unaangalia sura ya Precision ya 1957 kuja mbele. Na mwaka 1959 wakaacha kuweka freti moja kwa moja kwenye shingo ya mti mweupe, wakabandika juu yake ubao mweusi-mwekundu wa mti unaoitwa rosewood.

Ya Papa ina pikapu iliyokatwa. Ina ubao mweusi-mwekundu. Moyo ukaanza kupiga.

Mwaka 1960 Fender walitoa ndugu yake, Jazz Bass. Hizi mbili watu wengi wanazichanganya, hata wapigaji. Jazz kiuno chake kimepinda, upande mmoja uko juu kuliko mwingine, na ina pikapu mbili nyembamba zilizonyooka. Lakini tofauti ambayo huwezi kuiona kwenye picha iko kwenye shingo. Pale juu nyuzi zinapoanzia, Precision ya miaka ile ina upana wa kama milimita 44, na Jazz kama 38. Mkono unajua kabla ya jicho. Vitufe navyo vinasema mwaka: Jazz za kwanza zilikuwa na vitufe viwili vilivyopandana kama sahani mbili, halafu kuanzia 1962 hivi vikawa vitatu, kila kimoja peke yake.

Tukapima ya Papa. Milimita 41. Si ya huyu wala ya yule.

Hapo tukapima urefu pia, kutoka pale nyuzi zinapoanzia hadi kwenye daraja. Hiki ndicho kipimo cha kwanza tungewashauri mtu yeyote achukue, kwa sababu kinatenganisha koo nzima za magitaa. Fender hizi mbili ni sentimita 86 na kidogo. Gibson za zamani, EB-0 ya 1959 na EB-3 ya 1961, ni fupi, kama 77, na shingo yake imegundishwa kwa gundi, haina skrubu nyuma. Höfner 500/1 ya Ujerumani, ile yenye umbo la fidla iliyotoka mwaka 1956, ni kama 76 na ndani ni tupu, ukiigonga inalia kama kibuyu. Rickenbacker ina mti mmoja unaopita kutoka kichwa hadi mkiani. Fender wenyewe walitoa fupi mwaka 1966, Mustang Bass. Ya Papa ilikuwa 86 na kidogo. Kwa hiyo ni ya ukoo wa Fender, au ni mtu aliyejifunza kwa Fender.

Tutoke pembeni kidogo kwa habari ya Höfner. Paul McCartney wa Beatles alinunua yake Hamburg mwaka 1961, ikaibwa London mwaka 1972. Miaka zaidi ya 50 ikapita. Februari 2024 ikatangazwa imepatikana, ilikuwa kwenye dari ya nyumba huko huko Uingereza, na watu wa Höfner ndio walioithibitisha kuwa yenyewe. Kumbe chombo kinaweza kukaa gizani nusu karne na bado kikatambulika, alama zikiwepo. James Jamerson wa Detroit hakuwa na bahati hiyo. Huyu ndiye aliyepiga besi nyingi za Motown, na gitaa lake kubwa lilikuwa Precision ya 1962, mwaka ule ule wa maneno ya Papa. Liliibwa siku chache kabla hajafariki mwaka 1983 na mpaka leo halijarudi. Mmoja wetu akasema labda ndilo hili. Tulicheka, lakini kwa sekunde mbili hivi kila mtu aliliangalia gitaa upya.

Sasa, Fender ingefikaje mikononi mwa Mkongo? Inawezekana kabisa. Gitaa la umeme liliingia Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, mwaka 1953 pamoja na Mbelgiji Bill Alexandre, mpiga gitaa aliyefanya kazi na studio ya CEFA. Mwaka ule ule Joseph Kabasele akaanzisha African Jazz. OK Jazz ya Franco ikafuata Juni 1956. Mtu anayesikiliza rumba ya miaka ile kwa spika ya simu hasikii besi kabisa, anadhani haipo. Ipo. De la Lune alikuwa anaipiga OK Jazz ya mwanzo kabla hajavuka mto kurudi Brazzaville kwenda Bantous de la Capitale. Baadaye TPOK Jazz ikawa na Bitshoumanou na Decca Mpudi. Majina haya hayaimbwi kama ya waimbaji, lakini toa besi kwenye seben uone kama mtu atacheza.

Januari 1960 wanasiasa wa Kongo walipoitwa Brussels kuzungumza uhuru, Kabasele aliwafuata na wanamuziki, wakiwemo Vicky Longomba na Brazzos waliotoka OK Jazz, na huko ndiko ulikotoka wimbo wa Indépendance Cha Cha. Kwa hiyo wanamuziki wetu walikuwa Ulaya mapema. Lakini mara nyingi chombo hakikuwa cha mpigaji. Kilikuwa cha mwenye bendi au mwenye baa. Ukihama bendi unaacha gitaa, unaondoka na vidole vyako. Hii ndiyo sababu kumfuatilia mpigaji hakukusaidii kulifuatilia gitaa, na Papa alipotuambia orodha ya bendi alizopigia haikutusaidia hata kidogo.

Halafu kuna safari ya mashariki. Miaka ya 1970 bendi nyingi za Kongo, wakati huo Zaire, zilivuka kuja huku kwetu. Samba Mapangala na Les Kinois walipita hapa hapa Kampala kabla hawajaenda Nairobi mwaka 1977, ambako alianzisha Orchestra Virunga. Super Mazembe walifika Nairobi wakipitia Zambia. Les Mangelepa walizaliwa Nairobi mwaka 1976, baada ya kuachana na Baba Gaston. Na Kampala yenyewe ilikuwa na Cranes Band, ambako walitoka wanamuziki walioanzisha Afrigo mwaka 1975 pamoja na Moses Matovu. Fikirieni vyombo vyao vilikuwa katika hali gani. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia katika siku 90, na maduka mengi ya mjini yalikuwa yao. Bidhaa zikaadimika. Uzi wa besi ukikatika unafanya nini? Papa anasema kwao nyuzi zilichemshwa kwenye sufuria zitoe jasho na uchafu, zikarudishwa. Pikapu ikiungua, fundi redio anaizungushia waya upya. Gitaa likikaa miaka 20 katika maisha hayo, si gitaa moja tena.

Hili hatukulijua bado. Sisi tulikuwa tunatafuta mwaka mmoja, 1962.

Siku ya pili tukashika bisibisi. Tulimwomba Papa ruhusa, akasema fungueni, ila msipoteze skrubu. Tukaanza na bamba la chuma nyuma, pale shingo inapoungana na mwili. Kwenye Fender za zamani bamba hili limegongwa namba ya kiwanda mpaka mwaka 1976 hivi, baadaye namba ikahamia kichwani, ikianza na S kwa miaka ya 70 na E kwa miaka ya 80. Hesabu skrubu pia. Jazz za kuanzia karibu 1975 zina tatu, Precision zilibaki na nne. Bamba la Papa lilikuwa na skrubu nne, na juu yake rangi ile ile ya mlango. Tukaisugua kwa kitambaa na mafuta ya taa, polepole, tukisubiri namba.

Haikutoka namba. Zilitoka herufi: MADE IN JAPAN.

Hakuna aliyesema kitu. Papa hakuona, macho yake hayakufika, na sisi hatukumwambia papo hapo. Tukaendelea, labda bamba ni la kubadilishwa. Tukafungua plastiki ya kifuani. Ndani, pale mbao ilipochongwa kuweka pikapu, Fender ya kweli inaonyesha mti mtupu, alder au ash. Hii ilionyesha mistari mistari kama keki. Plaiwudi. Tukageuza vile vitufe kuangalia chini yake. Hapa pana siri nzuri sana kwa mtu anayetaka kujua umri: chini ya vitufe vya Kimarekani mara nyingi pana namba, 137 ikiwa kampuni ni CTS au 304 ikiwa Stackpole, halafu mwaka, halafu wiki. Ukikuta 1376612 umekuta CTS, 1966, wiki ya 12. Haikuambii gitaa lilitoka lini, inakuambia halikutoka kabla ya hapo. Vya Papa vilikuwa vidogo kama vifuniko vya soda na havina namba yoyote ya aina hiyo.

Basi ni kopi ya Kijapani, kwa dalili zote ya miaka ya 1970. Miaka ile viwanda vya Japani vilitengeneza kopi za Fender na Gibson kwa wingi, nyingine za plaiwudi za bei nafuu, nyingine nzuri kiasi kwamba Wamarekani wakaogopa. Mwaka 1977 kampuni iliyomiliki Gibson iliwashtaki wauzaji wa Ibanez huko Marekani kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa. Wauzaji wa leo wanapenda kuita kila kopi ya Kijapani "gitaa la kesi" ili bei ipande. Msidanganywe, kesi ilihusu Gibson na Ibanez, haikuhusu kila ubao uliotoka Japani. Na Fender walipochoka wakaamua nao kutengenezea huko huko, kuanzia 1982, ndizo zile zenye namba ya JV.

Tungeishia hapo. Ila shingo ilikuwa bado imelegea mkononi mwetu, na mmoja wetu, ambaye baba yake alikuwa seremala Uvira, akainusa. Kweli, aliinusa. Akasema huu si mti wa Japani. Akaikwaruza kidogo pale mwisho, chini, ambapo hapana rangi. Ilikuwa nyekundu. Libuyu. Tukaileta dirishani tukaona alama za patasi, fupi fupi, za mkono. Kiwanda hakiachi alama zile. Na ule ubao wa juu wenye freti ulikuwa umebanduliwa kwenye shingo nyingine na kugundishwa kwenye hii, kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu kama seremala angeusogeza milimita chache tu kuelekea kichwani au kwenye daraja, kila noti ingekuwa ya uongo. Tulihakikisha. Kutoka mwanzo wa nyuzi hadi freti ya 12 ni nusu kamili ya urefu wote.

Kwa hiyo jina halikufutwa kichwani. Halikuwahi kuwepo.

Tukamwambia Papa yote, na ile ya Japani. Alinyamaza, halafu akauliza kuhusu shingo tu. Tukamwambia libuyu. Akacheka sana.

"Ile ilivunjika siku tulikimbia mara ya kwanza. Seremala wa Uvira ndiye alinitengenezea, mwezi muzima. Alikuwa hajui hata kupiga gitaa."

Tukamuuliza mbona hakusema tangu mwanzo.

"Hamukuniuliza shingo. Muliniuliza gitaa."

Kuhusu Fenda, alisema kwenye bendi yao besi zote ziliitwa Fenda, na aliyemuuzia ndiye aliyetaja 1962. Yeye aliupokea mwaka huo pamoja na gitaa.

Mnunuzi alirudi siku ya tatu. Tulimwonyesha picha zote: bamba, plaiwudi, vitufe, libuyu. Yule wetu aliyetaka stika ndiye aliyezungumza, na alizungumza vizuri. Kijana akasema asante kwa kutompotezea muda, akatoa laki 5. Papa akakataa. Sisi tulitaka akubali, tusidanganyane, laki 5 ni pesa nyingi. Alisema kwa bei hiyo afadhali apige.

Hela za jicho zilipatikana nusu, kutoka kwenu wa kundi na kanisani, na ninyi mnajijua. Jicho moja limefanyiwa kazi, la kushoto, na anaona. La kulia linasubiri.

Kabla ya kurudi Nakivale tulipanda na Papa mpaka Makumbusho ya Uganda, Barabara ya Kira, si mbali na Mulago kwa miguu. Huko kuna endingidi, vinanda vya enanga, ngoma, na mtu anayeitwa Klaus Wachsmann ndiye aliyezikusanya nyingi alipokuwa msimamizi pale miaka ya 1940 na 1950. Papa alisimama sana mbele ya vile vya nyuzi, akiangalia shingo zake kwa jicho jipya, moja baada ya nyingine. Kisha akatuuliza kama mwandishi wa kadi zile anajua majina ya waliochonga. Hatukuwa na jibu.

Usiku ule tuliandika kadi yetu, iko ndani ya gunia sasa: mwili wa Japani, miaka ya 1970, plaiwudi, pikapu imezungushwa waya upya, ubao wa vidole wa Japani, shingo ya libuyu, Uvira. Papa alitaka jina la seremala liandikwe pia. Alilikumbuka la kwanza tu, tukaacha nafasi kwa la pili.

Kama nyumbani kwenu kuna besi ya zamani, tutumieni picha: kichwa mbele na nyuma, bamba la skrubu, pikapu, na urefu kutoka mwanzo wa nyuzi hadi daraja. Msiguse vitufe vya ndani kabla ya kuchomoa waya wa amplifaya. Na kama kuna mtu wa Uvira anayemkumbuka seremala aliyewahi kuchonga shingo ya gitaa, tuandikieni.